Reli Iliishia Mungbere

Bunia haijawahi kuwa na stesheni ya treni. Hata hivyo, utotoni mwangu, miaka ile nchi ikiitwa Zaire, habari za stesheni hazikuisha nyumbani kwetu Mudzipela. Baba alikuwa shofere wa kamyo. Akisema anaenda gare, tulijua ni Mungbere, huko Uele, kupitia Mongbwalu, Watsa na Gombari. Mvua ikiikamata barabara ile, kamyo hulala papo hapo mpaka matope yakauke.

Likizo moja alinichukua. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kikubwa, kumbe reli yenyewe nilisimama juu yake mguu huku na mguu kule, kila mmoja kwenye chuma chake, bila kujinyoosha. Upana wake ni milimita 600 tu. Ndiyo reli ya Vicicongo: ilianza kujengwa mwaka 1924 kutoka Aketi, kando ya mto Itimbiri, ikapita Buta na Isiro (Wabelgiji waliuita mji huo Paulis), ikafika Mungbere mwaka 1937 na kukomea hapo. Wazee wa Bunia walipenda kusema kwamba ingefika kwetu, kama si vita ya Wazungu. Sijui nani aliwaahidi.

Ninachokikumbuka zaidi pale ni mizani. Ilikuwa ya chuma, imefukiwa nusu kwenye saruji ya ghala, na karani wake alikuwa na kibao cha herufi zilizotobolewa na kopo la rangi nyeusi. Gunia la kahawa likishapimwa, analilaza, anaweka kibao, anapiga brashi mara moja, na jina la mahali linapokwenda linabaki juu ya katani. Alimdhihaki Baba kila safari.

"Shofere, magunia yako yamekunywa maji njiani?"

"Mzee, hata mimi nimeyanywa. Nipime na mimi."

Kutoka hapo kahawa na pamba zilishuka kwa treni hadi Aketi, zikapanda meli hadi Kinshasa, kisha treni nyingine hadi Matadi na baharini. Upande wa kurudi zilikuja chumvi, vitenge, baiskeli na makayabu, yaani samaki wa chumvi, ambayo harufu yake ilitutangulia nyumbani. Ukitazama ramani utashangaa: Ziwa Albert liko mlangoni pa Bunia, na zamani meli za shirika la reli la Uganda zilivuka kati ya Butiaba na Kasenyi, lakini wakoloni wa Kibelgiji walitaka mali ipite kwao, hata kwa kuzunguka nusu ya bara.

Treni zilipoanza kukosekana, Baba hakufanya mkutano wala hotuba. Aligeuza kamyo kuelekea mashariki, Mahagi na Ariwara, kwa sababu mnunuzi wa Uganda alilipa na barabara ilikuwa fupi. Wenzake walifuata. Nadhani biashara ile ya mpakani ilichangia kuiua Mungbere kama ilivyochangia kutu, ingawa kwetu si jambo linalosemwa mezani.

Mwaka 2022 jengo la stesheni ya Jinja, Uganda, lilifunguliwa kuwa makumbusho ya reli. Nilipolitembelea nikiwa na kaka yangu, nilifurahi kuona kuta zimepakwa rangi na vifaa vya zamani vimehifadhiwa kwa heshima. Nikamwambia kwamba Mungbere ingestahili vilevile, na kwamba ningeanza na mizani na kibao cha karani. Kaka alicheka. Yeye ni mfanyabiashara. Anataka madaraja yatengenezwe kwanza na treni ipite, makumbusho yangoje. Hadi leo tukikutana tunabishana, na kila mara ananiuliza swali lile lile: gunia moja la kahawa ya kwetu Ituri litafikaje Aketi kwa makumbusho yangu?