Kuhamisha Nyumba ya Samaki

Mtu anayehama hubeba vitu vingi: vitanda, sufuria, mikeka, kuku na mbuzi. Lakini wazee wetu wa zamani walipohama hawakusahau kitu kimoja kilicho kidogo kuliko vyote, ndicho kaa la moto. Walilifunika kwa majivu ndani ya kigae, wakalibeba kwa uangalifu mwingi. Bila kaa hilo, jiko jipya lilikuwa mawe matatu tu. Leo nataka kuwaeleza kazi inayofanana na hiyo: kuvunja nyumba ya samaki kwa muda, na kuisimamisha tena.

Nyumba ya samaki ninayosema ni tangi la kioo, ambalo wengi huliita akwariamu. Langu lina urefu wa mita moja, na huingia maji lita 200. Lakaa sebuleni kwetu hapa Uvira, si mbali na ufuko wa ziwa Tanganyika. Ndani yake hamna samaki wa ng'ambo. Wote ni wa ziwa letu. Watu wa Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi ili wapate samaki hawa, nasi twaishi karibu nao bila kuwajua. Twawajua ndagala na mukeke kwa sababu twawala. Wale wadogo wa miambani hatuwaangalii.

Ninao wa namna tatu. Wa kwanza ni wadogo kuliko kidole, nao huishi ndani ya maganda matupu ya konokono. Kila mmoja huchimba mchanga kwa kinywa chake, hulizika ganda lake mpaka ubaki mlango tu, kisha hulilinda kama mtu alindavyo shamba lake. Wa pili ni wawili wenye milia, dume na jike, walioletwa na mjomba wangu kutoka upande wa Moba. Wa tatu ni ukoo mmoja wa samaki tisa wenye mapezi marefu kama nyuzi. Wataalamu huwaita Neolamprologus brichardi, kwa heshima ya Mbelgiji Pierre Brichard. Max Poll ndiye aliyewapa jina hilo mwaka 1974. Hao wana desturi ya ajabu. Watoto wakikua kidogo hawaendi zao, bali hubaki kwa wazazi, husafisha mayai na kuwalinda wadogo zao. Watoto wa mtaa wetu huja kuwatazama, na kila mmoja hupenda kuonyesha ni nani kaka na ni nani mdogo.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda kuliko wengi wetu tulivyowahi kuona. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, ndio mto Lukuga karibu na Kalemie, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwa kupanda hewani kama mvuke. Ndiyo sababu likijaa halipungui upesi. Mwezi wa 4 maji yaliingia uani kwetu, yakafika kizingitini, kisha sakafu ikaanza kulowa. Tulishauriana, mimi na mke wangu, tukaamua kuhamia kwa baba mdogo, juu kidogo kuelekea mlimani, mpaka maji yashuke nasi tuinue sakafu.

Tulianza na watu: bibi, watoto, kisha mgonjwa wa jirani aliyehitaji kubebwa. Siku ya pili tulibeba magodoro na vyombo. Siku ya tatu nilipoingia kuchukua samaki, mama mmoja mzee aliyepita na mzigo wake kichwani aliniuliza: «Mwalimu, watu wanakosa pa kulala, na wewe unahangaika na samaki wasioliwa?»

Neno lake lilinichoma, maana halikuwa la dharau; lilikuwa la haki. Nilimjibu: «Mama, watu wametangulia. Hawa ni wa mwisho. Lakini niliwatoa ziwani mimi mwenyewe, na sasa hawana mwingine wa kuwatunza.» Alinitazama kidogo, akasema: «Haya, beba basi,» akaenda zake.

Labda nawe msomaji wajiuliza: kwa nini usiwamwage ziwani, nalo liko mlangoni? Jibu ni hili. Samaki wa miambani katika Tanganyika hawasafiri. Ufuko wa mchanga, au kilindi kati ya mwamba na mwamba, ni kama ukuta kwao. Kwa hiyo walio wa aina moja hutofautiana rangi na milia pwani hata pwani. Wale wawili wa Moba wakiachwa Uvira, wataweza kuzaa na jamaa zao wa hapa, na tofauti hiyo iliyotengenezwa kwa maelfu ya miaka itaharibika. Tena samaki aliyekaa ndani anaweza kuwarudishia wa nje ugonjwa. Anayemtoa samaki ziwani amejitwisha mzigo. Asiutue popote apendapo.

Sasa tuje kwenye kaa la moto. Mtu akitazama tangi huona kioo, maji na samaki. Hivyo hudhani kwamba kuhama ni kubeba vitu hivyo vitatu. Kumbe wenyeji walio wa maana hawaonekani. Samaki hutoa sumu iitwayo amonia, hasa kwa mashavu yake. Katika mchanga, juu ya mawe, na zaidi katika sifongo la chujio, huishi vijidudu viitwavyo bakteria. Wa namna moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Tangi jipya huhitaji majuma manne hadi sita hivi mpaka vijidudu hivyo vienee. Vikifa, samaki watakufa katika maji yanayoonekana safi kabisa.

Kwa samaki wa Tanganyika hatari ni kubwa zaidi. Maji ya ziwa hili yana magadi. Kwa kipimo cha pH yakaribia 9. Katika maji ya namna hiyo, yakiwa na joto la kwetu, karibu theluthi ya amonia huwa katika hali yake kali. Katika maji yenye pH 7 haifiki hata sehemu moja katika mia. Ndiyo sababu mfugaji wa samaki wetu hawezi kucheza na jambo hili.

Basi, kazi ilikwenda kwa utaratibu huu. Siku moja kabla, sikuwapa samaki chakula, ili wasichafue maji safarini. Asubuhi nilizima pampu ndogo ya hewa, nikatoa sifongo la chujio, nikalitia katika ndoo yenye maji ya tangi lile lile, bila kufunika ndoo. Sifongo hilo halikukamuliwa wala kuoshwa kwa maji ya bomba, kwa maana dawa ya klori inayotuokoa na kipindupindu huua pia vijidudu hivi. Kisha nilichota maji safi ya juu na kujaza bidoni tano za lita 20.

Halafu nilitoa mawe, moja moja, polepole, maana samaki hujificha nyuma yake. Maji yalipobaki kimo cha shibiri moja, niliwakamata samaki kwa kimia, kila ukoo na ndoo yake. Wale wa maganda niliwabeba ndani ya maganda yao, bila kuwalazimisha kutoka. Mwisho nilizoa mchanga. Mchanga wa zamani ukikorogwa hutoa uchafu mwingi uliolala chini, kwa hiyo usikorogwe samaki wakiwamo. Tangi lenyewe lilibebwa tupu, na watu wawili. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 200 ni kilo 200, na kioo kikiinuliwa na mzigo huo hupasuka.

Kwa baba mdogo niliweka mapipa mawili ya plastiki kivulini, nikatia maji yale ya bidoni, mawe machache, na sifongo la zamani. Maji ya kuongeza ndiyo yaliyokuwa shida. Ya ufukoni yalichanganyika na ya vyoo vilivyofurika. Ya mvua yalikuwa mengi, lakini ni laini, hayana magadi. Rafiki yangu mvuvi alinichotea mbali ndani, kwa mtumbwi, bidoni mbili kila juma. Yalipokosekana nilitumia ya bomba, baada ya kuyaacha siku nzima katika beseni lililo wazi, yakikorogwa mara kwa mara, ili klori itoke.

Usiku wa tatu umeme ulikatika mpaka asubuhi. Vijidudu vya chujio huhitaji hewa kama samaki. Mimi na mke wangu tulipokezana: mmoja analala, mwingine anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, ili yapate hewa. Kulipokucha samaki wadogo wawili wa ule ukoo walikuwa wamekufa. Wengine wote walipona.

Miezi mitatu na nusu ilipita hivyo. Mwezi wa 8 maji yalikuwa yameshuka, nasi tulikuwa tumeinua sakafu kwa mawe na saruji. Tulingoja ikauke vizuri. Tangi nililisugua kwa maji matupu, kwani sabuni haitoki yote. Nilipima meza isiinamie upande, nikaweka mawe makubwa kwanza juu ya kioo cha chini, ndipo mchanga, ili wachimbaji wasiyaangushe. Niliweka sahani juu ya mchanga na kumwagia maji juu yake, yasichimbe. Sifongo la zamani likarudi mahali pake.

Mawe sikuyapanga kama zamani. Samaki hawa hushika mahali kama watu washikavyo viwanja, na aliyekuwa mkubwa hurudi na ukubwa wake. Mpango ukiwa mpya, wote ni wageni. Wale wa maganda waliingia kwanza, kesho yake wale wa milia, na wale wenye nguvu, ukoo wa saba waliobaki, wakaingia mwisho. Kwa majuma mawili niliwapa chakula kidogo siku moja na kuacha siku moja, nikabadili ndoo moja ya maji kila siku ya pili. Kila asubuhi nilitazama mashavu yao: yakienda mbio, au samaki wakivuta hewa juu ya maji, ni dalili ya sumu. Dalili hizo hazikuonekana. Kaa la moto lilikuwa limewaka.

Baada ya gharika hiyo watoto wengi wa mtaa wetu waliliogopa ziwa. Walipoliona walisema habari za nyumba zilizobomoka, na kweli walikuwa wameona mengi. Sikuwakataza kuogopa, maana ziwa lastahili kuogopwa. Lakini mwezi wa 9 msichana mmoja aliyekuja kuchota maji kwetu aliita kwa sauti: chini ya jiwe kubwa palikuwa na vitoto vidogo kama kichwa cha sindano, na samaki wa umri wa kati wakivizunguka, wakimfukuza yule wa milia asikaribie. Wenzake walikuja mbio. Walihesabu, wakabishana, wakahesabu tena. Mwishowe mmoja aliuliza kama wa namna hiyo wako pia kule ziwani. Nikasema wako wengi mno, chini ya kila mwamba.

Ndugu msomaji, kama una tangi nawe walazimika kulivunja, iwe kwa maji, kwa kuhama, au kwa kupaka nyumba chokaa, fanya kazi yako bila haraka. Kioo chaweza kununuliwa kingine, na maji huchotwa. Sifongo lile chafu la zamani, ambalo mpita njia angelitupa jalalani, ndilo ulilinde kwanza, nalo lisikauke hata saa moja.