Kamakis: mfupa wa mbwa mstaafu

Msomaji, ukitoka Nairobi kwa barabara ya Thika, ukaipita kambi ya jeshi ya Kahawa na kuingia Eastern Bypass, hutakawia kufika Kamakis, Ruiru. Moshi wa nyama choma utakulaki kabla hujashuka garini. Chini ya meza, mbwa koko wanangoja mifupa.

Watazame, kisha umkumbuke mwenzao wa jeshini, anayenusa mabomu ili wewe na wanao mpite salama. Kisheria, huyo ni mali ya serikali, kama lilivyo lori. Marekani iliwaacha wengi wao Vietnam wakihesabiwa vifaa vya ziada. Ni mwaka 2000 tu ndipo sheria yao iliporuhusu wanaostaafu kuchukuliwa na raia, na hata askari waliowaongoza kazini.

Hapa kwetu, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama au kumnyima chakula na maji. Lakini haimtajii mbwa mstaafu makao wala matibabu ya uzeeni.

Basi unapomrushia mbwa wa Kamakis mfupa, jiulize: aliyetulinda ujanani, akizeeka atarushiwa na nani? Shukrani ya punda ni mateke. Yetu isiwe hivyo.