Moyo Baridi Katika Bandari ya Juba

"Moyo barid! Moyo barid!" Mama mmoja alipita kati ya magunia, ndoo kichwani, sauti yake ikishinda mngurumo wa injini. Nani anauza moyo, tena wa baridi? Nilimsimamisha. Akatua ndoo, akachomoa chupa ya maji inayotiririka jasho la barafu, akanikabidhi. Kwa Kiarabu cha Juba, moyo ni maji.

Aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam hatashangazwa na ukubwa wa bandari hii. Ataona ukingo wa udongo, matishari ya chuma yaliyofungwa ubavu kwa ubavu, wachukuzi wenye unga mabegani, na magugumaji yakielea taratibu kuelekea kaskazini. Lakini sijaona kwingine Afrika Mashariki ambako barabara na mto hupokezana mzigo waziwazi namna hii. Juu ya Juba, upande wa Nimule, Nile Nyeupe ina maporomoko, vyombo vikubwa havipandi. Kwa hiyo bidhaa huja kwa malori kutoka Mombasa, hupita Uganda, humaliza kilomita 192 za lami kutoka Nimule, kisha hushushwa hapa na kuteremka na maji hadi Bor na Malakal.

Lugha nazo zimefuata mzigo. Kiswahili kimepanda na madereva, mafundi na wafanyabiashara. Arabi Juba, kama wenyewe wanavyokiita, kinawapokea mtoni. Hapo ndipo mgeni anapochanganyikiwa, kwa sababu maneno anayafahamu yote na maana haipatikani.

Mto wenyewe, kwa mfano, unaitwa bahar. Ukiambiwa mtu kaenda bahar usiulize ufuo. Kaenda hapo chini kuoga au kuvua. Mtumbwi wa mvuvi ni markab, ndugu wa merikebu yetu. Akil ni chakula, na mwenye njaa ya akil hajapungukiwa na kitu kichwani. Kalam ni maneno, kwa hiyo anayesema ana kalam na wewe usimtafutie karatasi. Halafu salamu: "Ita kef?" Nilipoisikia mara ya kwanza nilingoja nitajiwe wa kumwita. Kumbe ita ni wewe, na ana ni mimi. Umeulizwa hali, jibu lake ni "ana kweis", mimi ni mzima.

Katika bei mambo hunyooka ghafla. Sita, saba, tisa, ishirin, hamsin, miya, elf. Niliketi kwenye kigoda kwa mama wa chai, chini ya mwembe, nikamsikiliza akihesabu chenji ya mteja, na kwa dakika nzima nilijiona niko Kariakoo.

Wapo wanaosema hiki ni Kiarabu kilichovunjika. Sikubaliani nao hata kidogo. Msemaji wa Kiarabu cha Khartoum hukuta viambishi vyake vimeondolewa na hakuna tena "wewe" ya kiume na "wewe" ya kike. Ita inamtosha kila mtu, kama wewe yetu. Lakini palipoondolewa kitu pamewekwa kingine. Chukua akulu, kula. Ukikaza sauti mwanzoni, mtu amekula; ukiikaza mwishoni, kitu kimeliwa. Kutenda na kutendwa kunategemea mahali pa mkazo tu. Sisi tuliozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho tunahitaji siku kadhaa za kusikiliza kabla ya kuthubutu kusema nani kamla nani. Lugha yenye ufundi huo haijavunjika.

Nayo ilizaliwa kando ya mto huuhuu. Katika karne ya 19 dola ya Misri iliweka ngome zake hapa jirani, Gondokoro na Lado, na askari waliotoka makabila mengi wakahitaji kuelewana. Emin Pasha, gavana wake, alilitawala jimbo hili la kusini, Equatoria, kutoka Lado. Vita vya Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, vilipowakatia njia ya kaskazini, mabaki ya jeshi hilo yaliishia kusini, na mwaka 1891 ofisa Mwingereza, Lugard, akawachukua wengi wao kuwaingiza Uganda. Vizazi vyao ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibera, na jina Kibera lenyewe limetokana na kibra, yaani msitu. Mnubi wa Nairobi akishuka bandarini leo atanunua moyo wake bila mkalimani.

Neno ninalolipenda kuliko yote nililipata jioni. Mchukuzi kijana aliteleza kwenye ubao wa kupandia tishari, gunia likamponyoka, likapasuka, unga ukamwagika kwenye matope. Wote waliokuwa karibu walisema kwa pamoja, "Malesh." Mama wa chai alilisema pia, na hakuwa na hatia yoyote katika ajali ile. Ni pole yetu kabisa, ile inayowatatiza Waingereza: mbona unaniomba radhi na si wewe uliyeniangusha? Nami nilitamka malesh yangu, na kijana akaniitikia kwa kichwa kama alivyowaitikia wenzake.

Katiba ya mwaka 2011 imekipa Kiingereza nafasi ya lugha rasmi ya kazi, na tangu 2016 Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiswahili kinazidi kusogezwa mbele. Ni jambo jema. Ila sisi tunaokwenda Juba na Kiswahili chetu tusidhani tunapeleka lugha mahali pasipo na lugha. Fika bandarini asubuhi mapema, acha kamera mfukoni mpaka upate ruhusa, agiza chai, na uanze wewe kusalimu: salaam taki. Utajibiwa hivyohivyo.