Gari linajuaje ni wewe?

Makanga wa matatu akikuona kwa mbali anajua kama unapanda au unapita tu. Gari linalomfungulia mwenyewe akikaribia halina macho hayo. Mlango hutoa mawimbi dhaifu ya redio, mara nyingi ya kilohezi 125, yanayofika kama mita moja au mbili. Ufunguo ulio mfukoni ukiyasikia, hujibu kwa namba ya siri na loki inafunguka. Umbali haujapimwa! Gari limenong'ona "nani?", likajibiwa, likaamini aliyejibu yuko papo hapo.

Mwizi naye anachukua mwenzake. Mmoja anasimama karibu na gari, mwingine karibu na nyumba ulimo ufunguo, kisha vifaa vyao vinapitishiana mnong'ono huo. Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, walijaribu aina 10 za magari kutoka kampuni 8, na yote yakakubali. Siri yenyewe hawakuigusa. Kwangu mimi hilo ndilo linalotisha, maana hata ukiandika msimbo mgumu namna gani, haukusaidii hapo.

Baadhi ya magari mapya sasa hupima muda wa jibu. Kwa nanosekunde moja mawimbi husafiri kama sentimita 30, hivyo jibu lililozungukia mbali linachelewa na kukataliwa.

Gari la shemeji yangu si jipya. Nilimwambia ufunguo ulale kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko. Tukajaribu mlangoni, gari likanyamaza. Sasa dada anadai mkebe wake wa majani chai.