Kabla ya kuifungua injini, utazame moshi wake

Msomaji mpendwa, kama umewahi kuendesha gari kuukuu katika barabara ya Jogoo saa moja asubuhi, basi unaijua aibu ninayotaka kukusimulia. Unaingia kwenye mzunguko wa City Stadium, unakata kona, unakanyaga mafuta, na nyuma yako abiria wa matatu wanaanza kufunga madirisha. Kondakta anatoa kichwa nje na kukuuliza kama siku hizi unachoma makaa. Ndivyo yalivyonifika mwezi wa Julai mwaka mmoja, nikiwa katika Volkswagen ya mwaka wa 1969, ile ya mgongo wa kobe, niliyoachiwa na marehemu baba.

Nililipeleka gari hilo gereji moja isiyo mbali na nyumbani, Buruburu. Kijana aliyenipokea aliliwasha, akautazama moshi kidogo, kisha akatoa hukumu. Gaskiti ya hedi imekufa, alisema, maji yanaingia ndani ya silinda, na dawa ni kuifungua injini yote. Bei aliyonitajia ilikaribia karo ya binti yangu mkubwa ya muhula wa tatu, na karo hiyo ilikuwa benki ikingoja shule zifunguliwe.

Nakiri kwamba nilikwenda benki. Nilikuwa wa nne kwenye foleni nilipokumbuka maneno ambayo baba alipenda kuwatania nayo jirani zake wenye magari ya rejeta: kwamba gari lake halinywi maji. Maji gani basi yaliyoingia ndani ya silinda? Nikatoka kwenye foleni.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokamatwa. Injini hii hupozwa kwa hewa. Kuna feni kubwa inayopuliza upepo juu ya silinda zenye mapezi mapezi, na oili nayo husaidia kubeba joto. Haina rejeta, haina pampu ya maji. Kwa hiyo fundi akikuambia kwamba moshi mweupe wa Volkswagen kama hii ni maji ya kupozea injini, mwombe akuonyeshe yanakotiwa. Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi ni unyevu tu uliolala ndani ya bomba. Hutoweka bomba likipata moto.

Niliambiwa kuna mzee mmoja Kariobangi, kule Light Industries, aliyezeeka na magari haya tangu zamani zile yalipokuwa yakitamba. (Vijana huenda hawajui kwamba mwaka wa 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari Rally kwa gari la aina hii.) Nilimkuta ameketi juu ya kreti ya soda. Hakuinua spana. Alianza kunihoji kama daktari.

“Mwalimu, moshi una rangi gani?”

“Wa buluu, mzee.”

“Unatoka lini?”

Swali hilo la pili sikuwa nimelifikiria kamwe, na kijana wa gereji pia hakuniuliza. Mzee akanieleza kwamba rangi hukuambia ni kitu gani kinachoungua, lakini wakati ndio hukuambia kinapoingilia. Buluu ni oili. Ikiwa hutoka asubuhi tu unapowasha, kisha ukaisha baada ya dakika moja, usikose usingizi. Silinda za injini hii zimelala ubavu, si kusimama wima, na gari likiegeshwa usiku kucha, hasa likiwa limeinama upande mmoja, oili kidogo hupenya na kuingia ndani. Ukitoka unapopanda mlima kwa nguvu, washuku ringi za pistoni. Hapo fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma. Ukiona moshi unapumua kwa vishindo kutoka tumboni mwa injini, ringi zimechoka kweli. Na ukishuka mteremko wa Mai Mahiu mguu ukiwa nje ya mafuta, halafu ukikanyaga kule chini ukaacha wingu nyuma yako, basi vijibomba vinavyoshika valvu vimelika. Mafundi huviita gaidi, na kwa kweli ni wezi wa oili.

Moshi mweusi ni habari nyingine. Huo ni petroli inayozidi hewa: choki iliyokwama, chujio la hewa lililoziba, au kabureta iliyoharibika. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo kabureta iliyorekebishwa Mombasa huweza kuanza kutema masizi ikifika huku. Mzee aliongeza nikinuse kijiti cha kupimia oili. Kikinuka petroli na oili ikawa imepanda badala ya kushuka, huenda pampu ya mafuta imepasuka utando wake na inamwaga petroli kwenye oili. Gari la namna hiyo lisiendeshwe, kwa maana oili iliyochanganyika na petroli hailindi chuma.

Basi, langu lilitoa moshi lini? Nilifikiri, nikamjibu kwamba zaidi ni kwenye mizunguko na ninapokata kona. Mzee akacheka, akafungua boneti ya nyuma na kulitoa chujio la hewa. Magari ya umri wa langu yana chujio lenye bakuli la oili, ambamo vumbi hunaswa. Bakuli lina alama ya kiasi. Langu lilikuwa limejaa kupita alama hiyo kwa kidole kizima, na kila nilipokata kona oili ilimwagika kwenye kabureta na kwenda kuungua.

“Nani aliyetia oili hapa?”

Msomaji, ni mimi niliyeitia. Wiki tatu kabla ya hapo, baada ya safari ya vumbi, niliona kwamba nyingi ni bora kuliko kidogo.

Mzee aliimwaga, akaosha chujio kwa petroli, akalijaza mpaka kwenye alama. Kisha akafungua plagi zote nne na kuzipanga juu ya gazeti. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia, kama inavyotakiwa. Moja ilikuwa imelowa oili kidogo. Hiyo, alisema, ni gaidi ya silinda moja. Inaweza kungoja, mradi nipime oili kila wiki, kwa kuwa injini hii hubeba lita 2.5 tu na ikipunguka haina akiba.

Nilidhani tumemaliza. Lakini aliingia ndani ya gari, akavuta wenzo wa hita ulio kando ya breki ya mkono, akakaa kimya. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika. Aliniuliza watoto huketi wapi. Nikamwambia mdogo hulala kiti cha nyuma, na siku hizi huamka akilia kichwa. Tulikuwa tumedhani ni macho.

Hita ya gari hili huchukua joto kutoka kwa mabomba ya ekzosti yenyewe. Bomba likitoboka au gaskiti ikifa, moshi wa injini huja ndani pamoja na joto. Ule unaouona na kuunusa si mbaya kama usiouona: hewa ya monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, nayo huua. Mzee, ambaye hadi hapo alikuwa akinichekea, alinikaripia kama mtoto. Aliifunga hita, akaniamuru niende nyumbani madirisha yakiwa wazi, na nisimbebe mtoto hata hatua moja mpaka mabomba yabadilishwe.

Jumatatu nilikwenda Kirinyaga Road kutafuta mabomba na gaskiti zake. Pesa zilitoka karo, kiasi kidogo, na mke wangu alijazia. Mtoto hakulia kichwa tena.

Ile gaidi bado haijabadilishwa. Tukishuka Mai Mahiu kwenda Naivasha, wingu dogo la buluu hubaki nyuma yetu, nami humwambia binti yangu ahesabu. Likizidi sekunde tano, tunarudi Kariobangi.