Kiboko wa Ruvuma na Amana za Watu



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, sifa zote njema ni za Allah (s.w.) aliyetuumba sisi na akaumba viumbe wengine wa nchi kavu na wa majini. Leo sikuleteeni darsa la fiqhi. Nataka kuwahadithia kisa kilichonipata mwenyewe, ambacho kwa miaka mingi niliona haya kukisimulia. Mwaka huu mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinipigia simu. Sasa naye ni baba. Mwanawe mdogo alitazama katuni ya kiboko mnene anayecheka na kucheza ngoma, akauliza kama kweli viboko ni wapole hivyo. "Maalim, msimulie wewe," akaniambia. "Mimi nikimsimulia ataona namtania." Nikamsimulia mtoto yule kwa simu, na baada ya hapo nikaona bora niyaandike.

Mwaka 2009 nilikuwa nasomesha madrasa Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Nilikuwa kijana, sijatimiza miaka thelathini. Majumbani watoto walizungumza Kimwani, wengine Kimakwe, na chuoni tukisomeshana kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi ya pwani ile tangu zamani. Kabla ya Ramadhani ya mwaka ule wavulana saba walihitimu Juzuu Amma. Nikawaahidi zawadi: Idi ikipita, katika Mfunguo Mosi, nitawapeleka Mto Ruvuma wakaone viboko.

Watoto wa Palma ni watoto wa bahari. Kasa wanawajua, pomboo wanawajua, na miezi ya kusi wamewaona nyangumi wakipuliza maji mbali kule. Lakini kiboko walimsikia tu kwa wakulima wa mpunga wanaolalamika kuwa usiku ametoka mtoni akawamalizia shamba.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Mama mmoja alisita. Mwanawe ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, miaka kumi. "Maalim, mimi nina huyu tu," akasema. Nikamjibu kwa kujiamini, "Mama, usiwe na wasiwasi, yuko mikononi mwangu." Neno hilo nililitamka kwa wepesi sana.

Tuliondoka alfajiri kwa pikapu, tukapita Quionga mpaka Namoto, kwenye kivuko. Ng'ambo ya pili ni Kilambo, upande wa Tanzania. Nikamkodi mzee mmoja nahodha, mwenye mashua ndogo ya mbao yenye mashine. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, mto umepungua, mafungu ya mchanga yametokeza. Msimu huo viboko hukusanyika kwenye vilindi vilivyobaki, na ndiyo sababu ni rahisi kuwaona. Maji ya pale hupanda na kushuka pamoja na bahari, na wakati ule yalikuwa yanakupwa.

Tuliwakuta kwenye kona ya mto, labda kumi na wawili. Masikio, macho na pua tu ndivyo vilivyokuwa juu ya maji. Watoto walinyamaza, kisha mmoja akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini, nasi sote tukaifuata. Nahodha alisimamisha mashua mbali, akasema, "Hapa panatosha."

Ndugu msomaji, pale palitosha kweli. Kila tulichokwenda kukiona tulikuwa tunakiona. Lakini mimi nilikuwa na simu mpya yenye kamera, na kwenye picha viboko wale walionekana kama mawe meusi. Nikasema, "Mzee, sogea kidogo." Akajibu, "Maalim, hapa ni nyumbani kwao." Nikamwambia nitamwongezea pesa. Alinitazama kidogo, akasogea. Kisha akazima mashine ili tusiwashtue, tukawa tunachukuliwa na maji polepole.

Mmoja wa wale wakubwa akainua kichwa, akafungua kinywa chote, meno yake ya chini marefu kama mkono wangu kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Watoto wakacheka: "Ana usingizi!" Mimi nikapiga picha. Nahodha hakucheka. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba mwayo wa kiboko si usingizi, ni onyo. Dume anakuonyesha silaha zake ili uondoke kwa hiari yako.

Wakati huohuo mtoto wetu mmoja akaonyesha kidole upande wa pili: "Maalim, yule ana mtoto." Kweli, nyuma yetu, karibu na ukingo, palikuwa na jike na ndama wake, na mashua yetu ilikuwa imeingia katikati, baina ya jike huyo na kundi. Yule dume akazama. Juu ya maji tukaona mstari wa viputo ukija upande wetu. Kiboko haogelei kama samaki. Hukimbia chini, juu ya mchanga, na anaweza kukaa huko dakika tano hivi bila kuvuta pumzi. Nahodha alishika upondo akasukuma kwa nguvu zake zote kuelekea kwenye maji mafupi. Hatukufika. Mashua ilipigwa kwa chini, upande wa tezi, ikanyanyuka, ikaanguka kwa ubavu, maji yakaingia. Yule mtoto wa miaka kumi alitoka mzima mzima. Nahodha aliwahi kudaka kanzu yake mgongoni, kwa mkono mmoja, na mkono mwingine bado una upondo.

Mimi nilikuwa nimeshika simu.

Mzee akamtupa mtoto ndani, akavuta kamba ya mashine mara ya kwanza, ikakataa. Mara ya pili ikawaka. Tulipogeuka, kinywa kile kilikuwa kimefunguka palepale tulipokuwa. Tukafika mchangani, sote tisa, wazima, alhamdulillah. Watoto wengine walilia, wengine walitetemeka bila kulia. Na mmoja wao, baada ya kutulia, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Maalim, si ulitusomesha habari ya yule ndege na makinda yake?"

Nilikuwa nimewasomesha mwezi huohuo. Ni hadithi ya masahaba waliokuwa safarini wakachukua makinda ya ndege, mama yao akawa anarukaruka kwa uchungu, na Mtume (s.a.w.) alipoona akaamuru warudishwe kwake. Nimeisoma, nimeisomesha, na nimewatahini watoto. Kisha nikaenda kujiweka baina ya mama na mwanawe kwa ajili ya picha. Sikuwa na jibu.

Ubao wa mashua ulikuwa umepasuka. Sikuwa na pesa za kutosha, nikamwachia nahodha ile simu. Hakuniomba; nilimpa mwenyewe. Kwa hiyo picha ya siku ile hakuna.

Lakini kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Njiani kurudi niliwaambia watoto, "Hakuna haja ya kuwatia wazazi hofu." Wakatii, maana mimi ni mwalimu wao. Siku ya tatu yule mama akaja chuoni. Mwanawe alikuwa akiamka usiku na kupiga kelele za maji, mpaka akamweleza yote. Mama hakunipigia kelele. Alisema tu, "Maalim, nilikupa mtoto ukanirudishia. Mbona habari yake hukunirudishia?"

Jioni ileile nilizunguka tena zile nyumba saba, safari hii kuomba radhi. Wengine walinisamehe papo hapo. Baba mmoja alimtoa mwanawe chuoni kwa miezi miwili, na alikuwa na haki.

Wazazi na walimu wenzangu, kuwapeleka watoto kuona viumbe wa Allah ni jambo jema, nami bado nalipenda. Ila yuko mtu anayeyajua mahali hapo kuliko wewe. Akisema panatosha, pametosha, na usimnunue kwa pesa. Ukimwona mnyama na mtoto wake, ongeza umbali. Kiboko anakula majani, hana haja na nyama yako. Anachokilinda ni maji yake na mwanawe. Na huko nchi kavu usisimame baina yake na mto. Tawakkul haiondoi tahadhari: mtu mmoja aliambiwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mola. Na mkirudi salama, semeni yaliyotokea. Ukimfundisha mtoto kumficha mama yake hofu yake, umemfundisha jambo ambalo hutaweza kulifuta kwa juzuu yoyote.

Siandiki haya nikiwa Palma. Vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilitufikia, na mji ulipovamiwa Machi 2021 tuliondoka na familia, kila mtu kwa njia yake. Wale vijana saba wametawanyika. Nahodha sijui aliko. Kila nikimkumbuka naona mkono mmoja na kanzu ya mtoto.

Aliyenipigia simu mwaka huu ndiye yule mdogo aliyeanguka. Nilipomaliza kumsimulia mwanawe, mtoto akauliza, "Babu Maalim, wewe uliogopa?" Nikamwambia ndiyo, niliogopa sana, na nyanya yako ndiye aliyenifundisha kulisema.

Allah atulindie watoto wetu, amlipe kheri yule mzee popote alipo, na awape watu wa pwani ile amani na marejeo mema. Amin.

Wabillahi tawfiq.