Kabati la Kioo Mlangoni

Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, ni mji wa watu waliotoka kwingine. Waliberia wamejaa, Wahmong waliotoka Laos wamejaa, na ukipanga foleni dukani jioni si ajabu ukasikia nyuma yako Kiswahili chenye lafudhi ya Kisii. Jengo la sasa la maktaba ya mji lilifunguliwa mwaka 2016, na maktaba hiyo ni mojawapo ya maktaba 41 za kaunti ya Hennepin. Nimekwisha kuzizungukia nyingi kati ya hizo, na kilichonishika zaidi ni kabati, wala si vitabu.

Ni kabati la kioo, aina ya lile la sonara, lenye taa ndani na kufuli pembeni. Maktaba nyingi za huku zinalo, aghalabu karibu na mlango ambapo huwezi kulikwepa. Vitu vilivyomo hubadilishwa kila baada ya muda, na havitoki makumbusho. Ni vya wakazi. Mara moja nilikuta samaki wa mbao waliochongwa na mzee mstaafu: hapa Minnesota ziwa likiganda watu hutoboa barafu, huteremsha samaki bandia wa namna hiyo majini, na samaki wa kweli akija kumchungulia hupigwa mkuki. Mzee alikuwa amewapanga kwa umri, wa kwanza mbaya kabisa, kama kipande cha kuni chenye macho.

Mara nyingine kilitundikwa kitambaa cha Wahmong kilichotariziwa kwa mkono, ukubwa wa shuka la mtoto. Ukikisoma kutoka juu kushuka chini unaona kijiji cha milimani Laos, kisha askari, kisha watu wamebeba watoto mgongoni, kisha mto Mekong. Mtoni kila mtu ameshikilia kitu cha kuelea, wengine vipande vya mianzi, na kuna mmoja hashikilii kitu. Ng'ambo ya mto kuna kambi ya Thailand, na pembeni kabisa ndege. Wahmong walianza kukimbia mwaka 1975, na historia yao nyingi iliingia kwenye vitambaa kabla haijaingia vitabuni. Karibu yangu kijana wa Kihmong alikuwa akimwonesha rafiki yake. Nilivyomsikia, naye mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa akikitazama kwa makini.

Siku moja mkutubi akatuuliza sisi wa Kiswahili tuna nini. Tukasema kanga. Wanawake wanne, kila mmoja na mkoba wake, tukakutana kuchagua, na hapo shughuli ikaanza. Kila mtu alikubali kwamba doti haikatwi, na kwamba lazima ikunjwe jina lionekane. Ugomvi ulikuwa juu ya jina lenyewe. Dada mmoja wa Mombasa alileta kanga ya kumsema mke mwenza, kali ajabu, akashikilia kwamba bila hiyo maonyesho hayana maana, maana kanga isiyomsema mtu ni kitambaa tu. Mwingine akasema hapa wanapita watoto wa shule. Mkutubi, asiyejua neno, alisubiri kwa adabu zote huku funguo ziko mkononi. Ile ya mke mwenza ikaingia, lakini rafu ya chini.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kusema. Kuna akina mama wa kwetu waliokaa mji huu miaka na mikaka, maktaba wakiijua kama mahali pa kumshusha mtoto na kumpitia baadaye. Wiki zile waliingia. Walikuja kuona kanga, wakapiga picha, wakakosoa mkunjo, na kwa kuwa wameshaingia wakauliza maswali. Kadi ya maktaba ni bei gani? Bure. Kitabu kikichelewa je? Faini za kuchelewesha zilifutwa mwaka 2021, unalipa ukikipoteza. Chumba kile cha mikutano? Nacho bure, ukiomba mapema. Chama chetu cha kufa na kuzikana, kilichokuwa kikibanana sebuleni kwa watu, sasa kinakutania maktaba, ingawa saa ya kufunga ikifika tunatolewa hata kama hoja haijaisha. Si jambo baya hilo kwa watu wanaopenda kuhutubu.

Baada ya hapo ndipo unagundua mengine: madarasa ya Kiingereza, msaada wa kuandika wasifu wa kazi, maandalizi ya mtihani wa uraia, hadithi za watoto asubuhi. Kaunti pia huendesha siku za matengenezo: unaleta pasi au feni yako iliyokufa, na mafundi wa kujitolea wanaifungua pamoja na wewe. Hii ilinichekesha. Kwetu fundi yuko ng'ambo ya barabara na ana njaa ya kazi; hatuhitaji maktaba itutafutie.

Nisije nikaonekana nimelewa Marekani. Nenda maktaba kuu ya Minneapolis katikati ya Januari, joto likiwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, uone waliokaa humo tangu mlango ulipofunguliwa. Wengi hawana pa kulala. Maktaba imebeba mizigo ambayo nchi tajiri namna hii imeshindwa kuitua mahali pengine, na mkutubi aliyesomea vitabu anajikuta akishughulika na mtu aliyezidiwa na dawa za kulevya chooni. Baadhi ya huduma tunazozisifu zilizaliwa na upungufu wa aina hiyo.

Lakini fedha za maktaba hizi zinatoka wapi? Kwa kiasi kikubwa ni kodi ya majengo ya watu wa kaunti hii hii. Mwaka 2000 wakazi wa Minneapolis walipigia kura suala la kukopa dola milioni 140 kwa ajili ya maktaba zao, wakakubali, na jengo jipya la maktaba kuu likafunguliwa 2006. Mtu aliyepiga kura ya namna hiyo akiingia maktaba anatembea kama mwenye nyumba. Akitaka kuleta samaki wake wa mbao haombi fadhila.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya huduma za maktaba Tanganyika ilipitishwa mwaka 1963, nchi ikiwa na miaka miwili tu ya uhuru. Maktaba Kuu ya Taifa, ile ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967. Waliopanga hayo hawakuwa na fikra ndogo. Na anayesema Watanzania hawaendi maktaba hajawahi kutafuta kiti humo msimu wa mitihani. Zimejaa. Zimejaa wanafunzi wenye madaftari yao na mitihani ya miaka iliyopita, wanadurusu, kwa sababu nyumbani kuna kelele na giza. Kuwapa vijana meza, taa na ukimya ni kazi kubwa, na sitaki mtu aidharau.

Ila huyo kijana akimaliza mtihani, maktaba inamaliza kazi naye. Hebu mfuate anakokwenda. Anakwenda steshenari. Anataka kuomba mkopo wa chuo, au ajira serikalini, na maombi yote ni ya mtandaoni. Pale kuna kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na jamaa mmoja mwenye vidole vyepesi. Jamaa anamfungulia barua pepe, anamtungia nywila, anaiandika kwenye kijitabu chake ili isisahaulike, anapakia vyeti, anapokea hela yake. Akikosea herufi ya jina, kijana atajua miezi baadaye. Simlaumu jamaa wa steshenari. Ameziba pengo na anakula kwa jasho lake. Ninachouliza ni kwa nini meza ile isiwe maktaba, penye mtu aliyefunzwa, wakati tuna chuo cha ukutubi Bagamoyo.

Nairobi kuna jambo la kutazama. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Jengo lile lenye nguzo na simba wa mawe lilijengwa ili baadhi ya watu wabaki nje. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, wakashirikiana na kaunti kukarabati McMillan na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, yaliyo katikati ya mitaa ya watu wa kawaida Eastlands. Wameanza na matawi ya mitaani kabla ya jengo la fahari, na kwa maoni yangu huo ndio mpangilio unaofaa.

Wala tusiambiwe kwamba maonyesho si utamaduni wetu. Kila Agosti watu hujaa viwanja vya Nanenane kutazama maboga na ng'ombe wa wenzao. Sabasaba Dar inafurika. Mkulima anajua kabisa raha ya kuweka kitu chake mbele ya watu na kusimama kando kama hayupo.

Mimi ningeanzia Tanga. Kabati moja la kioo pale maktaba ya mkoa, seremala wa mtaani atalitengeneza, taa mbili, kufuli. Mwezi wa kwanza picha za mashamba ya mkonge, ambazo familia nyingi zimezifungia masandukuni. Mwezi wa pili mpira: Coastal Union walichukua ubingwa wa ligi mwaka 1988, na lazima jezi za miaka ile ziko nyumba fulani zikiliwa na nondo. Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, wakileta zao, Wana Kimanumanu, yaani African Sports, hawatakubali kulala, nao wataleta, na mkutubi atalazimika kuamua jezi za nani zikae rafu ya juu. Fomu za uanachama aziweke karibu.